Kwenda kazini na Land Rover ya mwaka 1976, kando ya ghuba ya Mikindani

Gari ninaloendea kazini ni Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88 kutoka ekseli hadi ekseli, iliyotoka kiwandani Solihull nchini Uingereza mwaka 1976. Natoka nalo Mikindani saa kumi na mbili na robo asubuhi, napita kando ya ghuba, na kabla ya kengele ya kwanza limeshaegeshwa chini ya mkungu wa shule ninakofundisha fizikia, mjini Mtwara. Ni mwendo wa kilomita kumi na kitu kwenda na kiasi hicho hicho kurudi, siku tano kwa wiki. Jumamosi moja au mbili kwa mwezi hupanda nalo uwanda wa Makonde hadi Nanyamba kumsalimu mama, na ukifika msimu wa korosho safari hizo huongezeka, kwa kuwa hakuna anayeona haya kuniomba nimbebee gunia mbili tatu.

Nililirithi kwa mjomba, kaka yake mama wa tumbo moja. Kwetu Wamakonde, ambao tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hakuna aliyeshangaa gari la mjomba kwenda kwa mpwa. Walichoshangaa ni kwamba mpwa mwenyewe ni mwanamke. Hadi leo kijana anayenijazia mafuta akiniona nashuka upande wa usukani huangalia nyuma yangu kana kwamba mwenye gari bado hajatokea.

Swali ninaloulizwa kuliko yote si la bei wala la umri wake, bali ni kama linafika. Linafika. Katika miaka minne ya kulitumia kila siku limenilaza njiani mara mbili tu, na mara zote mbili kosa lilikuwa langu, kama nitakavyoeleza. Wenzangu kazini wenye IST na Noah wamekwama mara nyingi zaidi ya hizo, ingawa lazima nikiri kwamba wao hawatumii Jumapili yao wakiwa wamelala chini ya gari na grisi hadi kwenye viwiko.

Nilipolipokea lilikuwa limekaa miaka miwili chini ya mwembe, na ushauri ulikuja kutoka kila upande. Wengine walitaka nitoe injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 niweke ya dizeli ya Kijapani. Wengine walitaka nianze na rangi. Fundi mmoja mzee wa Chikongola, aliyekuwa rafiki wa mjomba na ambaye huniita mpwa kama mjomba alivyoniita, aliniuliza swali moja tu: "Mpwa, hiki unachotaka kufunga, kikifa Nanyamba Jumapili jioni utakifufua kwa nini?" Tangu siku hiyo swali hilo ndilo kipimo changu. Kifaa kinachoweza kutengenezwa kwa bisibisi, tupa, kipande cha waya na fundi wa kijijini hubaki hata kama ni cha kizamani. Kifaa ambacho kikifa ni lazima kiagizwe, kinaingia kwenye gari hili kwa shida sana. Na hili la kuagiza si dogo kwetu huku kusini. Spea zetu nyingi hutoka Gerezani, Dar es Salaam, hupakiwa kwenye basi na kufika kesho yake. Lakini mwezi Mei 2024, mvua zilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa, sote tulikumbushwa kuwa kifurushi hakiogelei.

Kwa kipimo hicho nimebakisha pointi, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche, kwenye distributa inayogawa cheche hizo kwa silinda, ingawa kila anayefungua boneti hunishauri niweke kifaa cha kielektroniki. Najua faida zake: hakina cha kusagika, na cheche yake haibadiliki. Lakini kikifa, hufa chote, bila kukohoa, na hakuna mtu katika wilaya nzima atakayekifungua akione kina nini. Pointi hulalamika wiki mbili kabla. Gari huanza kuwaka kwa shida asubuhi, linakuwa zito kwenye mlima wa kupanda uwandani, linabisha kidogo ukiachia mafuta. Unafungua kifuniko, unapitisha msasa laini kwenye nyuso mbili za pointi, unarudisha nafasi kati ya milimita 0.35 na 0.40, unaendelea na safari. Nimewahi kuifanya kazi hiyo jioni, kwa mwanga wa simu, mtoto wa dada yangu akinishikia skurubu kwenye kiganja ili zisianguke mchangani.

Kilichonilaza mara ya kwanza hakikuwa pointi bali kondensa, kile kikopo kidogo kinacholinda nyuso za pointi zisiungue, na kondensa mpya. Nilikuwa nimeinunua kwa uangalifu, nikaitoa ya zamani iliyokuwa nzima kabisa, nikaitupa, nikajipongeza. Ile mpya ilifanya kazi siku tisa. Gari lilizima kati ya Nanyamba na barabara kuu, na katika sanduku langu la spea sikuwa na nyingine. Fundi wa Chikongola hakunihurumia hata kidogo. Alisema kitu kipya ni kitu ambacho hakijajaribiwa, na mtu hasafiri na asiyemjua. Sasa kila spea ya umeme ninayonunua, iwe kondensa, rota au koili, naifunga kwanza kwenye gari, naitembelea kwa wiki mbili au tatu kati ya nyumbani na kazini, kisha naitoa na kuirudisha ile iliyozoea kazi. Iliyojaribiwa ndiyo inayoingia kwenye sanduku. Ni usumbufu, lakini tangu nianze kufanya hivyo nimekwisha kugundua rota moja mbovu karibu na nyumbani, mahali pa kutembea kwa miguu.

Baada ya kisa cha kondensa nilidhani adui mkubwa wa gari hili ni spea hafifu. Nilikosea. Adui mkubwa ni bahari. Mwili wa Land Rover ni wa aloi ya alumini, jambo lililotokana na uhaba wa chuma nchini Uingereza baada ya Vita vya Pili, gari la kwanza la aina hii lilipotolewa mwaka 1948, na watu husema kwa sababu hiyo kwamba halipati kutu. Alumini kweli haipati kutu ile nyekundu, lakini chesisi, yaani fremu iliyo chini yake, ni ya chuma, na ukuta wa mbele unaobeba bawaba za milango nao ni wa chuma, na kila mahali ambapo metali hizo mbili zinagusana pana betri ndogo inayosubiri maji yake. Maji ya chumvi ndiyo hayo. Mwanafunzi yeyote wangu anaweza kueleza kwamba kati ya metali mbili zilizolowa chumvi, ile inayoachia elektroni kwa urahisi ndiyo inayoliwa, na hapa inayoliwa ni alumini. Dalili yake ni unga mweupe unaochungulia kwenye maungio kana kwamba mtu amemwaga chumvi ya mezani, kisha rangi inavimba, kisha kidole kinapita.

Mikindani hatuhitaji kuingia baharini ili kupata chumvi. Ukivuma kusi, asubuhi unakuta kioo cha mbele kina ukungu unaonata, na ukiulamba, jambo ambalo nimelifanya mbele ya watoto wangu na kuchekwa, una ladha. Kwa hiyo gari linaoshwa kwa maji baridi kila Jumapili, na sehemu inayooshwa kwa bidii ni ya chini, siyo ile inayoonwa na watu. Chesisi ya gari hili ni boksi lenye uwazi ndani, nalo huoza kutokea ndani kwenda nje. Unaweza kuipaka rangi nje kila mwaka huku ndani inageuka mkate mkavu. Nilihakikisha kwanza matundu ya kutolea maji yaliyoko chini yake yamezibuliwa kwa waya, maana yote yalikuwa yamejaa udongo mwekundu, kisha nikapuliza ndani oili nzito kwa bomba refu, na hurudia kila mwaka kabla ya masika. Boriti ya nyuma ilikuwa imekwisha liwa, na hiyo ilikatwa na kuchomelewa mpya. Kila bolti inayounganisha alumini na chuma, ninapopata sababu ya kuifungua, hurudi ikiwa na kipande cha mpira wa tyubu kama kizuizi na grisi ya kutosha. Haipendezi kwa macho. Kwa rangi sijatumia hata shilingi, na gari lina rangi tatu za kijani.

Chumvi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikinisumbua kwenye umeme, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu magari mengi ya zamani hutupwa kwa kosa hili wakati injini bado nzima. Nilipolichukua, starta ilikuwa ikizungusha injini kwa uchovu, taa zilikuwa za rangi ya chai, na mafundi wawili tofauti walinishauri ninunue betri, kisha altaneta, kisha starta. Badala ya kununua, nilichukua mita ya shule. Niliweka waya mmoja wa mita kwenye ncha hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini chenyewe, nikamwambia mwanangu azungushe starta. Kama njia ya kurudishia umeme ni nzima, mita haina cha kuonyesha isipokuwa sehemu ndogo ya volti. Ilionyesha volti moja na nusu. Starta huvuta zaidi ya ampea 100, na kwa mkondo mkubwa kiasi hicho ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu tu hula volti nzima. Kosa lote lilikuwa waya mnene wa ethi kati ya chesisi na injini, ambao chini ya kichwa chake cha shaba ulikuwa umegeuka unga wa kijani. Niliukata, nikasugua mahali pake mpaka chuma kikang'aa, nikafunga mpya, nikapaka grisi juu. Betri ile ile waliyotaka niitupe ilidumu miaka miwili mingine.

Taa zilikuwa na ugonjwa huo huo kwa kiwango kidogo. Balbu ikikosa volti moja kati ya kumi na mbili haipotezi sehemu moja ya kumi na mbili ya mwanga, inapoteza karibu robo, na ndiyo maana taa za gari la zamani huonekana hafifu hata zikiwa na balbu mpya. Niliongeza relei mbili, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme, ili umeme wa taa kubwa utoke moja kwa moja kwenye betri badala ya kuzunguka kupitia swichi iliyochoka. Hicho ni kimojawapo cha vitu vichache vipya nilivyokubali, kwa sababu relei inauzwa duka lolote la spea za pikipiki na magari, na ikifa naweza kuunganisha waya mbili kwa mkono.

Nyaya za magari ya Uingereza ya wakati ule zina rangi zenye maana: kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni ule unaopita kwenye swichi ya kuwashia, kijani ni wa swichi uliopita kwenye fyuzi, bluu ni wa taa kubwa, nyekundu ni wa taa ndogo, nyeusi ni ethi. Ukizijua hizo sita unaweza kufuata tatizo lolote bila mchoro. Bahati mbaya mtu fulani, miaka iliyopita, alitengeneza nusu ya gari hili kwa waya mmoja mwekundu aliokuwa nao, na nilitumia likizo nzima ya Desemba kuufuata mwekundu huo kila ulikojificha na kurudisha rangi zake. Mume wangu alisema afadhali ningesuka mkeka.

Suala la pili kwa ukubwa ni joto, na hapa nitagombana na mafundi wengi wa pwani. Desturi yetu ni kwamba gari likichemsha mara moja, temostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, inang'olewa na kutupwa, eti huku kwetu kuna joto na haihitajiki. Langu nalo nililikuta halina. Injini isiyo na temostati hukaa baridi kuliko inavyotakiwa katika mwendo mfupi kama wangu wa kilomita kumi, oili haipati joto la kutosha kufukuza unyevu, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili unakuta ute wa rangi ya maziwa. Zaidi ya hapo, injini nyingi za namna hii zina njia ndogo ya mchepuko ambayo temostati huiziba maji yakishapata moto. Ukiing'oa, sehemu ya maji moto huendelea kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari uliloliokoa lisichemshe linachemsha mlimani. Kwa hiyo nilirudisha temostati ya nyuzi 82, nikabadili kifuniko cha rejeta kilicholegea, maana mgandamizo wake ndio unaochelewesha maji kuchemka, kisha nikapeleka rejeta kwa fundi, akaifungua pande zote mbili, akaisafisha kwa waya bamba mmoja baada ya mwingine, na kuifunga tena kwa risasi. Rejeta ya shaba inaruhusu hilo. Zile za siku hizi zenye tangi la plastiki zikipasuka hakuna cha kufanya isipokuwa kununua nyingine.

Maji yenyewe huwa najaza yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, si ya kisima, ambayo huacha magamba meupe kwenye birika na bila shaka huacha yale yale ndani ya silinda hedi. Na nikipanda uwandani hubeba dumu langu la lita kumi. Uwanda wa Makonde hauna mito wala chemchemi juu yake, na wazee wetu walishuka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Mama hunikumbusha hayo kila mara, na anaona ni aibu mtu mwenye gari kubisha hodi kwenye nyumba ya mwenzake kuomba maji ya kunywesha chuma.

Mara ya pili kulala njiani ilikuwa ni petroli. Nilikuwa na haraka, sindano ya mafuta ilikuwa chini, nikanunua lita tano za chupa kando ya barabara. Baada ya kilomita chache gari lilianza kurukaruka na kuzima. Pampu ya mafuta ya injini hii ni ya kimekanika, ina kikombe cha kioo chini yake kinachokusanya uchafu, na ndani ya kioo hicho niliona wazi tabaka mbili: petroli juu na maji chini. Kikombe hufunguliwa kwa mkono, humwagwa, hufungwa, kisha unavuta kijiti kidogo cha pampu mara kadhaa kurudisha mafuta kwenye kabureta. Ningemaliza kwa dakika kumi kama nisingelikaza kikombe kwa nguvu za hasira na kukata gasketi yake ya koki. Usiku huo nililala kwa jamaa. Sasa nina gasketi tatu, na tangi la lita 45 lililo chini ya kiti changu halishuki chini ya nusu.

Kabureta ya Zenith iliyofungwa kwenye gari hili ina kasoro yake mashuhuri: kifuniko chake cha juu hupinda kwa joto na kukazwa mno, hewa inapenya mahali isipotakiwa, gari linakula mafuta na kukataa kutulia likisimama. Tiba ni kuweka karatasi ya msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha na kusugua uso wa kifuniko taratibu kwa mzunguko hadi uwe bapa, na kubadili mpira mdogo wa duara uliopo ndani. Nilipolifanya hilo matumizi yalitulia kwenye kilomita sita hivi kwa lita. Si kidogo, najua. Gari la mwenzangu linaenda mara mbili ya hapo, na sina jibu kwake isipokuwa kwamba mimi silipii mkopo.

Chujio la hewa nimeliacha lile la bakuli la oili, na kila Julai nashukuru. Wakati wakulima wanapopuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, njia za kuelekea Nanyamba na Tandahimba huwa na vumbi la njano lililochanganyika na jekundu, na chujio la karatasi lingeziba kwa wiki. La bakuli nalifungua, namwaga tope, naliosha kwa mafuta ya taa, najaza oili ya injini hadi kwenye alama, basi.

Wapo wanaohofia petroli isiyo na risasi, kwa sababu injini za wakati ule zilitengenezwa risasi ikiwa bado inachanganywa kwenye mafuta na ikilinda viti vya valvu, yaani mahali valvu zinapokalia zikifunga, na nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuitumia kufikia mwaka 2006. Dalili ya viti kuliwa ni nafasi ya valvu kupungua yenyewe. Napima kila baada ya kilomita 4,000, siku ile ile ya kubadili oili. Inatakiwa milimita 0.25 na bado iko hapo. Kama kitu kinapimika sioni sababu ya kukihofia kwa maneno.

Breki ndizo zilizonitisha kweli. Shemeji yangu aliniomba tuwapeleke watoto Msimbati, nami nikalegea, tukateremka ufukweni kwenye mchanga uliolowa, watoto wakafurahi, tukarudi usiku tumechoka, na gari halikuoshwa mpaka Jumapili iliyofuata. Miezi michache baadaye, nikiwa nateremka kuingia Mikindani, kanyagio likazama nusu. Bomba la chuma linalokwenda nyuma lilikuwa limetoboka kwa kutu chini ya kibanio, mahali ambapo mchanga wenye chumvi ulijificha. Gari langu lina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, hivyo tundu moja ni kukosa breki zote. Niliteremka kwa gia ya pili hadi likasimama. Mabomba yote sasa ni ya aloi ya shaba na nikeli, ambayo hailiwi na kutu, na hilo ndilo jambo nililotumia fedha nyingi kuliko yote bila kujuta. Mafuta ya breki nayabadili kila baada ya miaka miwili, kwani hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu wa kutosha.

Kwa wale waliorithi gari kama hili, jambo moja la hatari: breki ya mkono haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, yaani gia za katikati ya ekseli, inaruhusu gurudumu hilo kuzunguka na gari linaweza kuondoka juu ya jeki ingawa breki umeivuta. Ni lazima uweke mawe. Wala usiivute gari likiwa linakwenda, ikiwa unaipenda giaboksi yako.

Giaboksi na ekseli hazijanipa habari ya kusimulia. Napima oili, naongeza. Tairi nimefunga za 7.50-16 za malori madogo kwa kuwa hizo haziwezi kukosekana mjini, na kwa hiyo spidomita inasoma pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi, jambo ambalo ni vema kulikumbuka unapomwona trafiki. Hendeli ya kuwashia kwa mkono iko nyuma ya kiti. Nimeitumia mara nne, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine na si kuzungushiwa mpini, kwa sababu injini ikirudi nyuma huvunja kidole hicho. Mara ya nne ilikuwa uwanjani shuleni, kidato cha tatu wote wakiwa madirishani, na somo la siku hiyo la mwendo wa mzunguko lilieleweka haraka kuliko kawaida.

Kila Jumapili baada ya kuosha huwa natumia kama dakika arobaini: maji, oili, mafuta ya breki, mkanda wa feni, hewa ya tairi, na kupitisha mkono chini ya kila bomba na kila sili kutafuta unyevu. Ninachokikuta nakiandika kwenye daftari la hesabu, pamoja na tarehe na kilomita, kwa sababu tone moja la oili lenyewe halisemi kitu. Ila ukiona kwamba mwezi uliopita lilikuwa tone na mwezi huu ni kijiko, umeshajua la kuagiza kabla halijawa bakuli.

Wiki hii kilichofikia kijiko ni sili ya ule mpira mkubwa wa chuma unaogeuzia gurudumu la mbele kulia. Uso wake umeliwa vitobo vidogo na chumvi, na sili mpya ikifungwa juu yake itachanika tena. Fundi wa Chikongola anataka kuvijaza vitobo kwa gundi ya chuma na kuusugua. Mimi nimeagiza mpira mwingine uliotumika, na basi la usiku linaingia kesho alfajiri. Kama haumo, Jumamosi nitapanda Nanyamba na nusu lita ya oili ya EP90 na kitambaa, na nitakuwa nikisimama kila baada ya kilomita ishirini kuangalia.